Mazoezi ya Kuungama

Jirani yangu hapa Somanda ni fundi wa matairi ya malori. Asubuhi akipata tairi lililogoma kutoka kwenye rimu, huligonga kwa nyundo, na mlio ule, ngaa, ngaa, ngaa, hunikuta jikoni nikikoroga uji. Mkono unasimama wenyewe. Kabla sijafikiri lolote nimeshajifunga kanga vizuri na natafuta viatu. Mjukuu wangu Limi, anayekaa nami akisomea uuguzi, hucheka mpaka anashika mbavu. "Bibi, safari ya wapi tena? Nani kakuita?" Namwambia anyamaze, anywe uji wake. Nimeitwa ndiyo, ila aliyekuwa akiniita amekwishakufa.

Kengele ya kanisa letu ilikuwa rimu ya lori, na mgongaji alikuwa baba yangu.

Kijiji chetu kiko upande wa Dutwa. Siku hizi mabasi yanapita, tena kwa fujo, lakini nilipokuwa na miaka tisa ukiona gari ulikuwa na habari ya wiki nzima. Kanisa lilikuwa la udongo na nyasi, na msimu wa mavuno watu waliweka magunia ya pamba humo kwa kuogopa mvua, ndiyo maana mpaka leo nikisali nasikia harufu ya mbegu za pamba puani. Baba, Petro Masanja, alikuwa katekista wa kigango chetu, kanisa dogo lisilo na padre wake. Padre mzungu alikuja kwa pikipiki mara moja kwa mwezi, akabatiza, akasoma misa, akaondoka na vumbi lake. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa baba. Yeye ndiye aliyefundisha, ndiye aliyezika, ndiye aliyesuluhisha mume na mke waliotupiana vyungu.

Kabla ya kubatizwa baba alikuwa manju wa ngoma, na jina lake lilijulikana mbali. Padre alimkataza ngoma. Sawa, akaiacha ngoma, lakini nyimbo alizihamishia kanisani zote, kwa Kisukuma kilekile na kwa madaha yaleyale. Mama alikuwa akisema, "Baba yenu alibatizwa kichwa tu. Maji hayakufika kooni."

Ndugu zangu, baba aliamini alichokisoma. Kama alikuwa na kosa, ni hilo. Wengine walimsikia Musa mbele ya Farao kama unavyosikia habari za mji usioufahamu. Baba alisikia habari za kwetu. Serikali ya Waingereza ilikuwa imetuletea amri juu ya amri: punguza ng'ombe, lima matuta hivi, ukikosea bwana shamba anakupeleka barazani kwa mtemi. Na chama kilichokuwa kikidai uhuru kilizuiwa kabisa kufanya mikutano kwetu. Baba alifunga kitabu akasema, "Mungu hakumtuma Musa kwenda kumsalimia Farao. Alimtuma akamwambie awaachie watu. Sasa mimi nifundishe nini kingine?"

Akatunga wimbo. Kanisani uliimbwa kwa heshima: Farao, waachie watu, bahari inafunguka. Padre mwenyewe aliupenda, akawa anaugonga kwa kidole juu ya altare. Lakini shambani, watu wakiwa kwenye elika, ile kazi yetu ya kulima kwa kundi na kwa nyimbo, wimbo uliongezwa mkia. Farao akahamia bomani. Akavaa kaptura. Akawa anakuja zizini kuchagua ng'ombe wa kupunguza. Majembe yalishuka kwa pamoja pale kwenye kaptura, na vumbi lilipanda mpaka hatuonani, sisi watoto tukicheka hadi tunakaa chini.

Na kila Alhamisi alasiri kulikuwa na mafundisho ya watu wazima. Rimu iligongwa, wanaume wakaingia na vitabu vya katekisimu mkononi, wengine wamevishika juu chini. Mafundisho yale yalikuwa mkutano wa chama. Mmoja alikaa mlangoni, na tarishi wa mtemi akitokeza na baiskeli yake, alikohoa. Hapo baba alipaza sauti, "Nani aliyekuumba?" na nyumba nzima ikajibu, "Mungu ndiye aliyeniumba!" Mzee Njile, ambaye alikuwa na wake watatu na hakuwahi kubatizwa hata ukucha, ndiye aliyejibu kwa sauti kuliko wote. Tarishi alivua kofia akapita. Sisi watoto tulijua kila kitu, na mama alituonya kila tulipotoka kwenda kuchota maji, "Mdomo uliponza kichwa. Mmesikia?" Tulisikia.

Mwaka ule mimi nilikuwa nikiandaliwa kwa Komunyo ya kwanza. Jina langu la nyumbani ni Kabula, kwa kuwa nilizaliwa mvua ikinyesha, na la ubatizo ni Skolastika, ambalo bibi yangu hakuwahi kuliweza. Kabla ya Komunyo lazima mtoto aungame, na kabla ya kuungama lazima ajue namna ya kuungama. Padre alikuja akakaa kwetu siku nne kwa kazi hiyo. Tulimwita Padre Ndevu, na tulimpenda, nisiwadanganye. Alijua Kisukuma kuliko vijana wa leo. Alikula michembe na sisi, viazi vile vikavu, akilalamika kwamba vitamvunja meno, kisha anaomba vingine.

Alituketisha chini akatueleza siri ya kitubio. "Mnaliona lambo pale mnakonywesha ng'ombe?" Tunaliona, Padre. "Dhambi ukimwambia padre ni kama jiwe umelitupa katikati ya lambo. Wewe hulioni tena. Mimi silioni tena. Hata waje na panga wanikate shingo, sisemi." Akajipitisha kidole shingoni, na mmoja wetu akaanza kulia. Kisha akasema, "Leo ni mazoezi. Kila mmoja atapiga magoti aseme dhambi moja mbili, nisikie kama maneno mnayajua."

Baba alikuwa amejenga kiambaza cha mabua ya mtama nyuma ya kanisa. Padre alikaa upande mmoja juu ya kigoda, sisi tukapanga mstari upande mwingine. Mabua hayazuii sauti, kwa hiyo tulisikia yote. Wa kwanza aliiba karanga. Wa pili naye aliiba karanga, maana aliona ya mwenzake imekubalika. Wa tatu alikuwa mtoto mwenye bidii aliyezikariri amri zote kumi, akasema kwa sauti safi, "Padre, nimezini mara tatu." Tulisikia kigoda kikilia na Padre akikohoa kwa muda mrefu.

Ikafika zamu yangu. Jamani, mazoezi kwangu yalikuwa nini? Shuleni mbili na mbili za mazoezi zilikuwa nne, na za mtihani zilikuwa nne. Sikuwa nimeiba karanga. Kusema nimeiba ingekuwa kumdanganya Mungu, tena nikiwa magotini. Dhambi ya kweli nilikuwa nayo moja, na ilikuwa imenikaa kooni kama mwiba wa sato. Jumamosi iliyopita tarishi wa mtemi alipita akauliza baba yuko wapi, nami nikamjibu kama mama alivyonifundisha, kwamba kaenda kumwombea mgonjwa. Ulikuwa uongo. Baba alikuwa amekwenda Lamadi kwa baiskeli, kuonana na watu wa chama waliokuja kwa njia ya ziwa.

Nikasema hivyo. Kwa sauti ya chini, mdomo umegusa mabua.

Padre akauliza kwa upole, "Na watu hao wakikutana hapa, hukutana lini, ng'wanone?" Ng'wanone, mwanangu. Nikamwambia Alhamisi. Wapi? Humu kanisani. Wanaimba? Wanaimba. "Hebu niimbie kidogo." Nikamwimbia, pamoja na mkia wake, kaptura na zizi na yote, nikiwa na furaha kwamba mtu mkubwa hivi anapenda wimbo wa baba. Nilipomaliza alisema, "Wabeja, asante, ng'wanone. Umefanya vizuri kuliko wote." Akanipa medali ndogo ya Bikira Maria yenye uzi wa buluu. Nilitoka pale mwepesi, jiwe nimelitupa.

Alhamisi iliyofuata aliyekaa mlangoni alikohoa. Baba akauliza nani aliyekuumba, nyumba ikajibu. Lakini safari hii tarishi hakupita. Nyuma yake walikuwa askari kutoka bomani, na mmoja wao alisimama mlangoni akasema, "Endeleeni, endeleeni. Swali la pili linasemaje?" Wakacheka. Hawakumkamata mwingine yeyote. Walimwita baba kwa jina, wakamfunga mikono kwa kamba ya kufungia magunia, na mama alipotoka mbio na unga mikononi walimwambia arudi jikoni. Baba alipita karibu yangu. Alisema, "Mwangalie mama yako," basi.

Alifungwa miezi minane. Wengine wote walipewa onyo tu.

Padre Ndevu alipokuja mwezi uliofuata alitusomea habari za kuwatii wenye mamlaka, kisha akatangaza kwamba Petro Masanja si katekista tena, na kwamba hatapokea sakramenti mpaka atubu mbele ya watu wote. Alisema huku akitazama sakafu. Wanawake walimshika mama kila mkono.

Na mimi? Mimi sikushtuka. Hili ndilo linaloniuma kulieleza. Kijijini walitafuta msaliti kwa hasira. Walimshuku shemeji wa tarishi, mtu mpole asiye na kosa, mpaka akahama na mbuzi wake. Nami nikamshuku pamoja nao. Haikunipitikia hata mara moja kwamba ni mimi. Maneno yangu yalikuwa chini ya lambo! Padre angekatwa shingo kabla hayajatoka! Basi nikavaa gauni jeupe lililoshonwa na mama kwa machozi, nikapiga magoti, Padre yuleyule akaniwekea hostia ulimini, na nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Baba alikuwa akivunja kokoto.

Aliporudi alikuwa amekonda na vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki. Tulimkimbilia. Alinishika kichwa akaniuliza jambo moja tu, "Ulipata Komunyo?" Nikasema nilipata. "Vizuri," akasema, "vizuri sana," na akakaa kula.

Tangu hapo Jumapili alikaa nje, chini ya upenu wa kanisa, mgongo umeegemea ukuta alioukandika kwa mikono yake. Alisikiliza yote, na kiitikio alikiitikia. Padre alimtumia watu: sema tu kwamba ulikosea, yaishe. Baba aliwajibu, "Nikisema nilikosea, nitakuwa nimesema Mungu naye alikosea kumtuma Musa." Wakarudi na jibu hilo. Mwezi uliofuata wakatumwa tena, akawajibu vilevile, akawakaribisha maji.

Kisha uhuru ukaja. Weee! Nani aliyelala? Ng'ombe walichinjwa, watu waliokuwa hawasalimiani walikumbatiana. Padre alitangaza misa ya shukrani, na wageni wakaja kutoka bomani, weusi sasa, wamevaa suti katika jua lile. Mahubiri yalikuwa matamu. Padre alisema Kanisa lilisali muda mrefu kwa ajili ya siku hii, na kwamba hata nyimbo za kigango hiki kidogo zilikuwa zikiulilia uhuru siku zote. Akatugeukia sisi wanakwaya akainua mkono. Tukaimba Farao, waachie watu.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiongoza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na sauti ya baba. Mzee Njile, aliyebatizwa hatimaye, alikaa benchi la mbele pamoja na wenzake wa Alhamisi, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo kutazama dirishani. Mgeni mmoja aliuliza nani katunga wimbo mzuri namna hii. Padre akajibu, "Ni wimbo wa Kanisa letu." Makofi, vigelegele. Kupitia dirishani nilimwona baba akivaa kofia yake na kuondoka. Niliona, ndugu zangu, nikaendelea kuimba mpaka mwisho, kwa kuwa wageni walikuwa wakinitazama mimi.

Lini nilijua? Siwezi kuwatajia siku. Ilikuja polepole kama jipu. Unakuwa mkubwa, unafua nguo, unapalilia pamba, na siku moja swali linakujia: ni nani mwingine aliyeambiwa habari za Alhamisi? Nililifukuza. Lilirudi. Nilipokuwa na miaka ishirini, mwanafunzi wa uuguzi, nikasikia Padre Ndevu anarudi kwao Ulaya kwa sababu ya uzee, nikaazima baiskeli nikaenda misheni.

Alikuwa anafunga vitabu kwa kamba. Alifurahi kuniona, akaniita ng'wanone. Sikukaa. Nilimuuliza nikiwa mlangoni, "Padre, ni wewe uliyesema?" Hakujifanya hajui ninauliza nini. Alifunga fundo moja, kisha la pili.

"Kabula, ile haikuwa sakramenti," akasema. "Yalikuwa mazoezi."

Akaeleza kwamba alimwambia mtemi tu, akidhani baba ataonywa. Akaeleza kwamba serikali ingezifunga shule zote za misheni. Pengine ni kweli. Mimi nilikuwa nimesimama palepale kwenye neno mazoezi, nashindwa kulivuka. Mtu mzima, msomi wa miaka mingi, alikuwa ametafuta mwanya wa kupita, na mwanya alioupata ulikuwa mtoto wa miaka tisa aliyeogopa kumdanganya Mungu. Nilimchukia. Nasema bila kuficha, na umri huu nilionao.

Nilifika nyumbani na jasho. Baba alikuwa uani anachambua pamba, nyeupe kwenye turubai hili, yenye madoa kwenye lile. Nikapiga magoti pale pale nikamwambia yote, mabua, Lamadi, wimbo, medali. Hakuacha kuchambua.

"Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Wiki ya kwanza. Padre alinifuata mahabusu. Akaniambia nijifunze kwa mwanangu, kwamba hata yeye anajua ni dhambi, ndiyo maana ameungama."

Mimi Padre aliniambia yalikuwa mazoezi. Baba alimwambia niliungama. Nikashika turubai. Nikamuuliza kwa nini miaka yote hii alinyamaza, akala nami sahani moja, akaniacha niimbe mbele ya wageni kama kasuku.

Baba aliokota kipande cha jani kavu kwenye pamba akakitupa. "Ningekwambia, ungetoka ukakae nami nje," akasema. "Mimi nilitaka mmoja wetu abaki ndani."

Alikufa miaka sita baadaye, bado yuko nje. Mimi nimebaki ndani, kama alivyotaka. Nimewabatizisha watoto wangu wote, wamefunga ndoa kanisani, Jumapili siikosi hata mvua ikinyesha, na hapa Somanda wananiita mama wa kanisa. Limi anadhani ni imani kubwa. Mapadre wa siku hizi ni watoto wetu wenyewe, wazuri, hawana kosa lolote kwangu. Kila Pasaka napanga mstari na wenzangu, napiga magoti, nasema nimesahau sala za jioni na nimemkasirikia jirani. Padre ananipa Salamu Maria tatu. Nasali zote tatu, narudi nyumbani, nafunga mlango, ndipo namwambia Mungu dhambi zangu.